Kermit kwenye Laini Mbovu

Kati ya programu zote nilizohudumia katika kituo cha kompyuta cha chuo kimoja huko Marekani, miaka ya 1980, niliipenda zaidi Kermit. Kazi yake ilikuwa kuhamisha faili kati ya kompyuta mbili kupitia waya au laini ya simu, biti moja baada ya nyingine. Frank da Cruz na Bill Catchings waliianzisha mwaka 1981 katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, ili wanafunzi waliobanwa na nafasi kwenye kompyuta kubwa waweze kuhifadhi kazi zao kwenye diski laini.

Kwetu mtihani ulikuwa kompyuta kubwa ya IBM. Ilipitisha biti 7 tu kwa kila herufi, ya 8 ikiwa ya ukaguzi, na alama nyingi za udhibiti ilizimeza. XMODEM, aliyoitunga Ward Christensen mwaka 1977, ilitaka biti zote 8 zipite salama. Hapo haikufua dafu. Kermit ilianza kwa kudhani kwamba laini ni mbovu. Alama ya udhibiti iliigeuza kuwa herufi ya kawaida na kuitanguliza kwa #; baiti yenye biti ya 8 iliyowashwa ikatangulizwa kwa &. Kabla faili haijaondoka, pande mbili ziliambizana: vifurushi visizidi urefu huu, nisubiri sekunde kadhaa. Jambo ambalo upande mmoja haukuliweza liliachwa.

Walioilalamikia kwamba inakwenda taratibu walikuwa na haki. Urefu wa kifurushi uliishia 94, na kila kimoja kilisubiri jibu ndipo kingine kiondoke. Kwa biti 1,200 kwa sekunde, diski ya kilobaiti 360 ingechukua zaidi ya dakika 50 hata bila kusubiriana huko. Nilikaa na wanafunzi wa uzamili tukikodolea macho skrini: jina la faili, kilobaiti zilizopita, idadi ya vifurushi, idadi ya marudio. Marudio yakipanda, mwenye tasnifu alianza kuhema. Nilimwonyesha kwamba kilobaiti nazo zinapanda: kifurushi kilichoharibika njiani kimekataliwa, kinatumwa upya, na hakuna herufi mbovu iliyoingia kwenye sura zake.

Nilichosisitiza bila kuchoka ni aina ya faili. Kompyuta ile kubwa iliandika herufi kwa EBCDIC, ndogo kwa ASCII, kwa hiyo maandishi yalipaswa kutafsiriwa njiani, ilhali programu haikupaswa kuguswa hata baiti moja. Ukituma programu kama maandishi, skrini haionyeshi kosa lolote, na kinachofika hakifanyi kazi. Amri ya SET FILE TYPE BINARY niliibandika ukutani, juu ya kila meza.

Baadaye vilikuja vifurushi virefu. Kwenye nyaya za ndani ya jengo niliviweka 1,000, na mwendo ukaongezeka waziwazi. Kwa waliopiga simu kutoka mabwenini, ambako mkwaruzo mmoja ungelazimu herufi zote 1,000 zirudiwe, nilibaki na 94.