Shoka la Chuma: Ngeli katika Diski ya Pili

Mwalimu wa Kiswahili nchini Uganda hukabiliwa na jambo ambalo wenzake wa somo la Kifaransa hawalijui: baadhi ya wanafunzi wake wana lugha hiyo kabla hajawafundisha. Hapa Naguru, jijini Kampala, jambo hilo ni dhahiri. Kilima chetu kina makao makuu ya polisi pamoja na kambi ya askari, na Kiswahili kimekuwa lugha ya askari wa nchi hii tangu enzi za ukoloni. Mtoto wa kambi hukiokota uani, sambamba na Kiacholi, Kiteso au Kiganda cha nyumbani kwao. Hukisema bila kusitasita, ila ngeli zake zote zimekuwa moja. Kwake yeye kisu "imevunjika", mti "imeanguka", na shoka ni "ya chuma".

Mwaka 2005 Katiba yetu ilirekebishwa, Kiswahili kikatajwa kuwa lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Hayo ni ya heri, lakini azimio halimfundishi mtoto upatanisho wa kisarufi. Napenda basi kuwaeleza walimu wenzangu njia moja niliyoiona ikifaa, ambayo ilitokea upande nisioutazamia kabisa, yaani michezo ya kompyuta.

Nyumbani nina kompyuta moja ya mezani. Diski yake imejaa maandalio ya masomo, mitihani, na orodha ya maneno niliyoikusanya kwa miaka mingi. Vijana watatu wa kambini, ambao huja Jumamosi kujisomea, walinijia na ombi.

"Shikamoo, Mwalimu. Tunaomba tuweke mchezo kwa kompyuta."

"Marahaba. Na mitihani yangu ikipotea?"

"Haitaguswa, Mwalimu. Tuko na diski ingine."

Kweli walikuwa nayo, ya gigabaiti 500, iliyotolewa katika kompyuta iliyokufa. Tulizima umeme, tukafungua kasha, tukaiunga kwa nyaya mbili: mmoja wa kupitisha data, mwingine wa umeme. Tulipowasha, Windows iliitambua. Tukaifuta na kuiandaa upya, ikapewa herufi D.

Mchezo wenyewe ni Luanti, ambao hadi mwaka 2024 uliitwa Minetest. Ulianzishwa mwaka 2010 na Mfini Perttu Ahola, nao ni programu huria isiyolipiwa. Mchezaji huchimba mawe, hukata miti na kujenga apendavyo. Umeundwa ili kila mtu auongezee vyake, na nyongeza hizo vijana huziita modi. Katika Windows hauhitaji hata kusakinishwa: kifurushi hufumuliwa popote, na modi, ulimwengu na mipangilio yote hukaa ndani ya folda moja. Si michezo yote iliyo hivyo. Euro Truck Simulator 2, kwa mfano, hata ukiuweka katika diski ya pili, kwa kawaida modi zake huendelea kukaa katika folda ya Nyaraka, na diski ya kwanza ikajaa vilevile. Vijana wetu waliweka nakala mbili katika D: moja safi, nyingine ya majaribio. Nakala ya majaribio ikiharibika, hufutwa, kazi ikaanza upya. Nazo karatasi zangu zimo salama katika diski ya kwanza. Diski hiyo ya zamani ni nzito kufungua mchezo, lakini subira yavuta heri.

Sasa nije kwenye kiini. Modi iliyotayarishwa kutafsiriwa huwa na folda ya lugha, na ndani yake faili ya maandishi matupu. Kila mstari una maneno ya Kiingereza, alama ya kulinganisha, kisha tafsiri. Anayejua kuandika barua anaweza kuihariri. Niliwaambia vijana: mtacheza, lakini kwa Kiswahili mtakachokiandika wenyewe.

Walianza na zana za chuma. Sululu ikawa ya chuma, na hapo hapakuwa na mjadala. Shoka nalo wakaliandika "ya chuma". Nikawauliza, mashoka mawili je? Wakafikiri, wakasema "mashoka ya chuma". Basi moja ni la chuma. Beleshi likafuata njia hiyohiyo. Upanga ukawasumbua zaidi, mpaka walipokumbuka panga za chuma, wakauona uzi na nyuzi, ukuta na kuta, wakaandika "wa chuma". Kanuni hiyo nilikuwa nimeiandika ubaoni mara nyingi. Safari hii waliihitaji, kwa sababu kosa lingewatazama usoni kila walipofungua mchezo.

Ugumu mkubwa ulikuja na sentensi zenye pengo. Mashine hutaka kiolezo kimoja, halafu hujaza jina la kitu chochote. Kwa Kiingereza kiolezo hicho hutosha. Kwa Kiswahili, jiwe limevunjika, mti umevunjika, kisu kimevunjika; ukiandika "imevunjika" pekee, mashine yenyewe imeingia kambini! Nilikuwa sijapata dawa. Mdogo wao, aliyekuwa kimya muda wote, akasema, "Mwalimu, si tuseme 'umevunja', halafu jina?" Umevunja jiwe, umevunja mti, umevunja kisu. Kiambishi kikahamia kwa mchezaji, na sentensi ikasimama. Mtoto ambaye ngeli zake zilikuwa moja alikuwa ameziona zote kwa pamoja, akatafuta njia ya kupita katikati yake.

Hawajaacha kusema "kisu imevunjika" wakiwa uani, wala sikuwataka waache. Ile ni lugha ya wenzao. Lakini wanapoandika husimama na kuuliza wingi wake ni nini. Walimu wenzangu wenye kompyuta moja shuleni, msiogope michezo. Tafuteni diski ya pili, msihatarishe kazi zenu, kisha fungueni faili ya lugha mbele ya wanafunzi. Orodha ya zana kumi tu yaweza kuwapa kazi ya wiki nzima.