Dakika Kumi na Mzungu wa Soda

Nisikilize, msomaji wangu. Mimi ni mtoto wa Kerende, Tarime, huku ambako ukitoka nje asubuhi unaona mlima wa mawe ya mgodi wa North Mara kabla hujaona jirani. Mzungu akipita na gari lake, vioo juu, sisi tunamwangalia vile, naye anatuangalia vile. Salamu hamna!

Basi, mshikaji wangu wa Mwanza akanitumia kwenye simu habari ya kutafakari. Siyo uganga, jamani. Unakaa kimya, unafumba macho, unafuata pumzi ikiingia na kutoka. Wazo likija, unaliacha lipite. Eti mwaka 2016 watafiti wawili wa Marekani, Adam Lueke na Bryan Gibson, waliwasikilizisha wanafunzi Wazungu kanda ya dakika 10 ya mambo hayo, halafu wakawachezesha mchezo wa kuaminiana pesa na watu wa kwenye picha. Waliosikiliza kanda ya mambo mengine waliwaamini Wazungu wenzao kuliko weusi. Waliotafakari, pengo hilo likapungua sana.

Nilicheka. Lakini nikajaribu, alfajiri, nyuma ya kibanda cha dada kabla moto wa chapati haujawaka. Siku ya kwanza nilisinzia.

Wiki ya pili akaja Mzungu kwa miguu, jasho linamtoka, gari lake limepata pancha huko mbele. Soda mbili, chapati mbili: shilingi 3,000. Akajipapasa mifuko yote... hana kitu. "Kesho," akasema.

Ndani yangu kukawaka: dhahabu wamebeba, sasa na soda! Mdomo tayari ulishafunguka. Nikavuta pumzi, nikaitoa. Yale maneno yakapita kama lori la mgodi, na vumbi lake. Mbele yangu kabaki mtu mwenye aibu.

"Haya, kesho."

Dada akanigeukia: "Utamlipia wewe!"

Simlaumu dada. Wasiwasi wa huku siyo mazoea ya kichwa tu. Mei 2011 polisi waliwaua watu watano kwa risasi pale mgodini. Hilo huwezi kulipuliza kwa pumzi, hata ufumbe macho mwaka mzima. Na wale watafiti waliwapima Wazungu kama wanawaamini weusi. Mweusi naye amwamini nani, hawakuuliza.

Kesho ikapita. Dada akawa ananiangalia tu. Siku ya tatu Mzungu akaja, akaweka 3,000 kamili, akaagiza soda nyingine akaa nayo kwenye benchi mpaka ikaisha. Alipoondoka, vioo vilikuwa chini.

Sasa cheka. Kuna jamaa, Mkurya mwenzangu, tulitahiriwa msimu mmoja. Anakula chapati zetu kwa mkopo toka mwezi juzi, wala kwake sikuvuta pumzi hata moja. Deni limefika 8,500, na kila asubuhi ananipungia mkono kutoka ng'ambo ya barabara: "Mura!"