Ubaya wa Kuchelewa

Husemwa, "Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako." Methali hii hutumiwa katika posa, biashara na safari, lakini katika uzazi maana yake ni kali zaidi, kwani huko anayechelewa huweza kumkosa mwana na mama pamoja.

Vifo vya wazazi nchini Kenya vimepungua, lakini havikukoma. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2008 na 2009 ulikadiria kuwa kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, mama 488 walikufa kwa ajili ya mimba au uzazi. Ule wa 2014 ulikadiria 362, na sensa ya 2019 ikaonyesha 355. Mataifa yamekubaliana kuwa ifikapo 2030 wastani wa dunia uwe chini ya 70.

Viua wazazi vinajulikana: kutoka damu nyingi baada ya kuzaa, kifafa cha mimba, uchafuzi wa vidonda vya uzazi, na uchungu uliokwama. Kila kimoja kina tiba. Basi mama hafi kwa kuwa dawa haijagunduliwa. Hufa kwa kuwa mbali nayo.

Mwaka 1994 wataalamu wawili, Thaddeus na Maine, waliugawa umbali huo katika kuchelewa kwa namna tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kutibiwa. Namna zote tatu tunazo. Huku Bamba au Marafa, mume yuko kazini Mombasa, na jamaa wanangoja neno lake. Neno likija, usiku umeingia na pikipiki haipatikani. Na hospitali ikifikiwa, pengine damu ya kumwongeza mgonjwa haipo. Juni 2013 serikali iliondoa malipo ya kuzalia katika hospitali zake, na kufikia 2022 watoto 82 katika kila 100 walizaliwa mahali pa tiba. Hayo ni maendeleo makubwa. Lakini kufika mlangoni si kupona.

Mwanafunzi wangu mmoja, msichana hodari wa hesabu, alifiwa na mama yake katika uzazi. Kitoto kilisalimika. Muhula uliofuata kiti chake darasani kilikuwa kitupu: alikuwa nyumbani akilea. Kifo kimoja kiliizima taa ya mama, kikaipunguzia mafuta ya binti.

Mwaka 2023 utafiti uliofanywa Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini ulionyesha kuwa mfuko wenye alama za kupimia damu ya mzazi, ukifuatwa na tiba zote kwa pamoja bila kungoja, hupunguza madhara makubwa ya damu kwa asilimia 60. Mfuko hautibu, humwambia mkunga mapema.

Nanyi vijana mnaosoma, kesho mtakuwa waume, wake na mawifi. Wekeni nauli akibani kabla ya mwezi wa tisa, toeni damu mkiwa wazima, na mama akiumwa msingoje ruhusa ya aliye mbali. Ruhusa huweza kuja kesho, damu haingoji.