Usiku Mmoja Hotelini Geita na Bibi Harusi Wetu

Tangu turudi kutoka Geita tunaulizwa swali moja tu: bibi harusi mlimlaza hotelini kweli? Ndiyo, tulimlaza. Na kwa kuwa baadhi ya mabinti zetu wa visiwani wanaolewa na vijana walioko kwenye migodi ya dhahabu huko Kanda ya Ziwa, acha tuseme tuliyoyaona, mazuri na mabaya.

Nikah ilisomwa Unguja, bwana harusi akatangulia kurudi kazini. Tukabaki sisi wa kumpeleka mdogo wetu: mama, somo wake, sisi dada wawili, na kaka ndiye mahram. Ndege hadi Mwanza, kisha gari kupitia daraja la Kigongo–Busisi, lile la kilomita 3 juu ya ziwa lililofunguliwa Juni 2025. Zamani hapo ilikuwa kungoja pantoni. Sasa hata tasbihi hujaimaliza umeshavuka.

Nyumba ya bwana harusi ni vyumba viwili, na jamaa zake kutoka Shinyanga walikuwa wameshaijaza. Ndipo tukaamua usiku wa kwanza tulale hoteli ya bei ya kati, katikati ya mji, bibi harusi apumzike na apakwe singo kwa utulivu, kesho yake jioni apelekwe kwake. Mama hakupenda hata kidogo. Kwake yeye hoteli yoyote ya bara ni gesti, na gesti sifa zake mnazijua.

Chumba elfu sitini, chai ya asubuhi ndani yake. Mapokezi tukapewa kitabu cha wageni tujaze jina, kabila, kazi, unakotoka, unakokwenda. Kwenye kabila mama akaandika "Mzanzibari", akakifunga kitabu.

Uzuri wa kukaa katikati ya mji tuliuona mapema. Simu zetu ziliadhini Magharibi, tukatandaza miswala, somo akachungulia dirishani: jua bado liko juu ya mabati! Programu zilikuwa zimebaki kwenye saa za Unguja, na Geita iko magharibi, jua linachelewa kuzama karibu nusu saa. Tungekuwa tumefunga, tungefuturu mchana. Tukangoja mpaka tukasikia adhana ya msikiti wa jirani. Kibla nacho angalieni: kwetu ni kaskazini karibu moja kwa moja, kule unaegemea kidogo mashariki. Chumbani hapakuwa na alama yoyote.

Chakula hatukuhangaika. Kuku na nyama uliza kwanza nani kachinja. Sisi tuliagiza sato wa ziwani, wabichi, watamu, mama mwenyewe akala wawili.

Kuhusu singo, dada zetu, manjano haitoki kwenye shuka nyeupe za hoteli, na shuka utalipishwa. Tandikeni kanga zenu kuukuu kitandani na sakafuni. Maji ya moto yalikuwepo mpaka saa tatu usiku, baada ya hapo bomba likatoa ya baridi.

Isha tulisali jamaa, somo akituswalisha. Sisi wasafiri tulipunguza, tukatoa salamu baada ya rakaa mbili. Mdogo wetu akainuka, akaendelea na mbili zake. Somo alikuwa amemwambia tangu garini: wewe ukifika Geita umefika kwako, si msafiri tena. Tulikaa kimya kumngoja. Mama alikuwa anafuta macho kwa ncha ya mtandio.

Sasa ubaya. Chini kulikuwa na baa. Hatukuambiwa, wala hatukuuliza, na lilikuwa kosa letu. Muziki ulipanda mpaka vioo vinatetemeka. Saa nane usiku mlango ukagongwa, halafu kitasa kikazungushwa. Mlevi, kakosea chumba. Lakini nyinyi fikirieni: wanawake watupu chumbani, bibi harusi na singo mwilini, na komeo lenyewe limelegea. Mama akasimama mlangoni na kopo la chooni mkononi. Tukampigia kaka chumba cha pili, akaja na kijana wa mapokezi, wakamwondoa. Kijana aliomba radhi sana, akatuhamishia ghorofa ya juu upande wa nyuma. Huko kulikuwa kimya kabisa, na kwa nini hatukupewa tangu mwanzo Mungu ndiye ajuaye.

Tungerudia? Sisi dada tunasema ndiyo, kwa chumba cha juu. Kwa wakwe asingepata hata kona ya kuvulia ushungi. Somo anasema bora kupanga nyumba ya siku mbili tatu. Mama hatujamuuliza tena.

Jioni tulimkabidhi mdogo wetu kwa mumewe, na wakwe walitupokea kwa heshima kubwa. Kesho yake tukaenda Shinyanga kwa mwaliko wa jamaa zao, tukachukua tena hoteli ya mjini, bei karibu ile ile. Kijana wa mapokezi akatupa mkono wa karibu, akaanza kusifia feni na maji ya Ziwa Victoria yanayotoka saa zote. Mama hakutua hata mkoba.

"Mwanangu," akamwambia, "chini hapa kuna baa?"