Nilisoma Sifa za Injini Nyingine

Turbo za Aristo ile niliziua mimi. Haikuwa petroli mbaya, wala joto la Dar es Salaam, wala spea feki. Ni mimi, kwa ujuaji wangu.

Injini yenyewe ilikuwa 2JZ-GTE, na kama unapenda magari huhitaji kuelezwa zaidi. Toyota waliitoa mwaka 1991 ndani ya Aristo, halafu Supra ya 1993 ikaipa jina dunia nzima. Ina silinda sita kwenye mstari mmoja, kila moja kipenyo cha milimita 86, na pistoni inapanda na kushuka milimita hizohizo 86. Jumla yake ni cc 2,997. Bloku ni ya chuma, si ya aluminiamu, na krenki imelalia beringi kubwa saba. Mpangilio wa sita kwa mstari nao una baraka yake: pistoni zinakwenda mbilimbili, na mtikiso wa jozi moja unafutwa na wa nyingine, kwa hiyo injini inazunguka kasi bila kujipigapiga. Ndiyo maana Marekani watu wameipa nguvu maradufu ya ile ya kiwandani wakiwa na bloku ileile.

Mambo haya nilikuwa nayahubiri gereji kila jioni. Niliyajua kwa kusoma na kutazama video. Kwa mkono wangu nilikuwa sijawahi kufungua hata moja.

Mteja alipoleta Aristo yake akitaka iongezewe nguvu kidogo, nikaona siku yangu imefika. Busti ya kiwandani haifiki bar 1. Nikaipeleka bar 1.4. Kijana ninayemfundisha kazi, akiwa amenishikia tochi, akauliza, “Mkuu, turbo za Japani si za kauri hizi?” Nikamwambia ashike tochi vizuri.

Alikuwa sahihi. Miaka ile watengenezaji wa Japani walikuwa wamekubaliana wasitangaze gari linalozidi nguvu za farasi 280. Kwa soko la kwao Toyota walifunga turbo aina ya CT20A, ambazo gurudumu lake la upande wa ekzosi ni la kauri. Kauri ni nyepesi, inaanza kuzunguka mapema, na kwa busti ndogo inafanya kazi vizuri sana. Ukiizidishia, inavunjika. Supra za Marekani, zilizotangazwa kwa farasi 320, zilipewa CT12B zenye gurudumu la chuma, pamoja na nozo za kupitisha mililita 550 za petroli kwa dakika, wakati za Japani zinapitisha 440. Herufi na namba za injini ni zilezile. Sifa zote nilizokariri zilikuwa za Supra ya Marekani, na gari lililokuwa mbele yangu lilitoka Japani.

Tulilipeleka barabara ya Bagamoyo alfajiri kulijaribu. Lilivuta vizuri, turbo ya pili ikaingia, nikacheka peke yangu. Kisha nguvu ikakatika, gari likawa zito kama limefungwa lori nyuma. Nilijiambia ni mpira wa hewa umechomoka. Tukafungua boneti. Mipira yote ilikuwa mahali pake, na bado nikakaza klempu moja ambayo haikuwa imelegea.

Gereji tulishusha bomba la ekzosi. Nikamulika ndani ya turbo. Pale panapotakiwa kuwa na gurudumu palikuwa na shafti tupu, imekatika, inazunguka kirahisi kwa kidole. Ndani ya bomba kulikuwa na vipande vyeusi. Nikaokota kimoja: chepesi, kina ukingo mkali, kimemeguka kama kikombe cha chai. Sikuhitaji kukijaribu kwa sumaku. Nilijua. Kijana hakusema neno, na ningependa aseme.

Injini ilipona. Turbo nilizibadilisha kwa pesa yangu, ile niliyokuwa naiweka kwa ajili ya lifti ya gari. Mpaka leo tunaingia chini kwa jeki na stendi. Mwenye gari nilimweleza ukweli. Alinisikiliza, akachukua gari lake, na hajarudi.

Kosa hili ni rahisi kulirudia, kwa sababu linafanana sana na ujuzi. Nilikuwa na takwimu zote mdomoni, na zote zilikuwa za kweli. Ila bloku haikuwa na tatizo tangu mwanzo. Nguvu ya injini mwisho wake ni pale kifaa chake dhaifu kinapoishia, na hicho ndicho nilichopaswa kukitafuta kabla ya kugusa busti.

Bado naongeza busti, kazi ni kazi. Siku hizi mteja akitaka farasi zaidi, naanza kumtajia bei ya turbo, ndipo tunazungumza habari za farasi.