Mwacha Ago

Kiswahili kina neno fupi ambalo siku hizi husikika mara chache: ago. Maana yake ni kituo cha msafiri, mahali atuapo mzigo, akakoka moto, akalala, na asubuhi akaenda zake. Ago halina mlango, kufuli wala daftari la majina. Haliagizwi, hukutwa.

Nalilikumbuka neno hili mwezi wa Agosti, tulipotoka Tabora mimi, mke wangu na watoto wetu wawili, gari likikokota tela dogo lenye hema, maji na chakula. Hata Sikonge ni mwendo wa kilomita 70 hivi. Kusini yake msitu wa miombo huandama barabara pande zote mbili. Tulitaka kulala kando ya mto, wala hatukuwa na nafasi tuliyoagiza popote. Lakini mito ya nchi ile, ipelekayo maji yake Ugalla, aghalabu hukatika wakati wa kiangazi ikawa vidimbwi. Kuuona mto katika ramani si kuyaona maji. Ajuaye ni mwenyeji.

Shida hii si ngeni. Mwaka 1871 vita vya Mirambo viliifunga njia iliyozoewa ya kutoka Tabora kwenda Ujiji. Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alizunguka kusini kupitia Ugunda, akapiga kambi penye mto Gombe, ule uingiao Ugalla, si Gombe ya sokwe iliyo karibu na Kigoma. Maji yalikuwapo na nyama tele. Siku ya kuondoka wapagazi waligoma, wakataka siku moja zaidi. Naona walikuwa na hoja: thamani ya kituo chema huijua bega lililochukua mzigo.

Misafara ya zama zile ililala katika vibanda vya nyasi vilivyozungushiwa boma la miiba. Mara nyingi waliotangulia waliviacha vimesimama, na waliofuata wakavirithi. Hivyo kila msafara ulikuwa mgeni wa msafara mwingine usiopata kuonana nao.

Sisi tuliomba ruhusa kwa mwenyekiti wa kijiji, naye akatupeleka kwa mzee mmoja mfuga nyuki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Karibuni."

Hakuuliza tutalipa nini. Aliuliza tutauzima vipi moto wetu. Mizinga yake ya magome ilikuwa mitini, si mbali. Mwaka mmoja wageni waliacha kaa hai, upepo wa kiangazi ukaliamsha, na mizinga ikateketea pamoja na asali yake.

"Mto hauna bei," alisema, "lakini una majirani."

Alituonyesha uwanja mkavu mbali na ukingo, kwa kuwa mamba na kiboko nao wana njia zao. Tulikuta mafiga matatu meusi, na kando yake kuni zilizopangwa vizuri. Mtoto wetu mdogo aliuliza ni nani aliyetuwekea. Sikuwa na jina la kumtajia.

Wahenga walisema: mwacha ago hanyele, huenda akauya papo. Kuuya ni kurudi. Watu wenye haya huitamka methali hii kwa sauti ndogo, na wengi huifasiri kuwa ni hadhari: usipachafue, usije ukapahitaji kesho. Fasiri hiyo ni ya kweli, lakini haitoshi. Yumkini aliyetuachia kuni hatarudi pale, na sisi pia huenda tusirudi. Kituo kisichoagizwa hakina mlinzi ila mtu wa mwisho aliyelala hapo. Akikiharibu, wenyeji watakifunga, na haki yao.

Kulipokucha tulimwagia moto maji mpaka majivu yakashikika kwa mkono. Chupa tupu tulizipakia katika tela. Kuni tuliziacha nyingi kidogo kuliko tulizozikuta, kwa ajili ya mtu tusiyemjua.