Macho Chini Si Uongo

Wacha niseme kitu ambacho kimenikaa kwa roho muda mrefu. Mwili wako unaongea lugha, na kama lugha zingine zote, si kila mtu anaielewa. Shida ni kwamba kila mtu anadhani anaielewa. Msee akikuongelesha Kikorea, utamwambia hujui Kikorea. Lakini akiinamisha macho mbele yako, unaamua hapo hapo kwamba anaficha kitu.

Mwaka jana binamu yangu alifanyiwa intavyu na kampuni fulani ya Marekani, kazi ya mtandaoni. Laptopu ilikuwa juu ya meza pale kwetu Kapsoya, na mimi nilikaa kando nisionekane kwa kamera. Huyu kijana anajua kazi, na hakuna swali lililomshinda. Lakini kila alipoulizwa na yule mzee mwenye mvi, macho yalishuka mezani na sauti ikapungua. Baada ya wiki moja barua pepe ikaja: asante, lakini tunatafuta mtu anayejiamini zaidi. Manze, sijawahi kumsikia akiongea na mtu kwa heshima kama siku hiyo. Wao waliona woga.

Hiyo tabia haikutoka hewani. Kwetu, kogo akinigombeza naangalia chini. Nikiinua macho nimkazie, nitaulizwa kama siku hizi mimi ni rika lake. Ukienda kwa Wamaasai, mtoto anamsalimia mkubwa kwa kuinamisha kichwa ili aguswe utosini. Hata Kiswahili chenyewe kiko upande wetu: mtu asiye na haya tunasema ana macho makavu. Sasa peleka scene hiyo hiyo Marekani. Mtoto akigombezwa huko, mara nyingi anaambiwa amwangalie mzazi machoni, na akiangalia chini anaonekana hasikii ama anadanganya. Aibu ni ile ile, watoto wawili, na amri mbili zinazopingana kabisa.

Watu wamesoma haya mambo. Miaka ya 1960, mwanasaikolojia Mmarekani Paul Ekman alienda Papua New Guinea na picha za nyuso, akawauliza watu wa jamii ya Fore kila uso una hisia gani. Alisema nyuso za msingi kama furaha, hasira na huzuni zinatambulika karibu kila mahali. Kuna wataalamu wengine, kama Lisa Feldman Barrett, wanaopinga hilo. Lakini Ekman na mwenzake Wallace Friesen walileta wazo lingine ambalo mimi nalikubali: kila jamii ina sheria zake za nani aonyeshe nini, mbele ya nani. Wanafunzi wa Marekani na wa Japani walionyeshwa filamu ya kuchukiza. Walipokuwa peke yao, nyuso zao zilifanana. Mtu wa heshima alipokaa nao chumbani, wengi wa Wajapani walifunika karaha kwa tabasamu.

Tabasamu ndilo linachanganya watu zaidi. Vietnam mtu anaweza kutabasamu akiomba msamaha ama akiwa ameona aibu, na Mmarekani akiliona anadhani anachekwa. Na kabla hujashangaa, mwangalie jirani yetu wa Kaptagat, Eliud Kipchoge. Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, alikimbia kilomita 42 kwa saa 1:59:40, na amewahi kueleza kwamba anatabasamu akikimbia ili atulize mwili na asahau maumivu. Dunia nzima inaona furaha, kumbe jamaa anapigana na uchungu.

Na si lazima uende mbali. Eldoret ni jiji tangu 2024, na ploti moja ina Mkalenjini, Mluhya, Mkikuyu na Mkisii. Kukiwa na msiba, kwa Waluhya utasikia kilio kutoka mbali, watu wanaita jina la marehemu, wanaimba usiku kucha. Kwa Wakalenjini wengi mambo ni kimya, watu wanakaa, wanaongea kwa sauti ya chini. Nimesikia watu wakinong'ona kwenye matanga ya upande mmoja, "Hawa hata hawakumpenda." Na upande ule mwingine, "Hawa wanaigiza." Wote walikuwa wameumia. Wote walihukumiwa kwa lugha ambayo si yao.

Hapa pia lazima niwe mkweli kuhusu kwetu. Mvulana wa Kikalenjini anafunzwa kwamba siku ya tohara uso usisonge, hata kope. Ni ujasiri, na nauheshimu. Lakini ile siku inapita na uso unabaki hivyo miaka yote. Jamaa anapoteza kazi, anaachwa, analala njaa, na sisi tunasema "ako sawa, si unamuona ametulia?" Hapana, hatujamuona. Tumeona uso tu. Ukimya wa mtu kama huyo unahitaji kuulizwa, tena mara mbili.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Jifunzeni lugha zote mbili. Kwa intavyu ya wageni, angalia kamera na inua sauti. Hujaacha kuwa mtoto wa kwenu, kama vile kuongea Kiswahili mjini hakukufanyi usahau lugha ya nyumbani. Ukifika kwa kogo, inamisha macho na ushike mkono wako wa kulia kwa wa kushoto ukimsalimia. Lakini huo mzigo usiwe wetu peke yetu. Mwenye kalamu ya kuajiri, mwalimu, daktari, polisi, nyinyi ndio mnaamua maisha ya watu, na nyinyi ndio mnafaa kujifunza zaidi.

Kabla hujasema mtu ni mwongo, ama ni baridi, ama ni muoga, jiulize: kwao hii inamaanisha nini? Kama hujui, muulize yeye. Mdomo pia ni sehemu ya mwili.